Hijabu, Sabato na rasta: shule ya umma inapokutana na imani ya mwanafunzi

Waheshimiwa wajumbe wa bodi za shule, walimu wakuu, mashehe, wachungaji na wazazi wenzangu, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa ni uhuru wa dini, nayo ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuizungumza mchana kutwa asiseme kitu. Kwa hiyo leo nitabaki katika shule za umma za Kenya. Huko ndiko tumeona shauri likianza na kitambaa cha kichwani na kufika hadi Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini.

Tuanze na Isiolo. Shule ya upili ya kutwa ya St Paul's Kiwanjani ni ya umma, lakini mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 likatolewa ombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare ya kawaida. Maofisa wa elimu wakaelekea kukubali, mvutano ukazuka, na kanisa likaenda Mahakama Kuu ya Meru. Hoja ya kanisa ilikuwa hivi: sare ni moja, kila mzazi aliijua alipomleta mtoto, na ukiwaruhusu baadhi wavae tofauti umewabagua wengine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakubaliana na kanisa.

Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, ambaye binti zake walisoma hapo, akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi. Majaji walisema kanuni inayofanana kwa wote inaweza kuwabagua baadhi, kwa sababu uzito wake hauwaangukii wote sawasawa. Msichana ambaye dini yake haimdai kitu kichwani hapotezi chochote kanuni ikisema "kichwa wazi". Yule mwingine anaambiwa achague kati ya dini na darasa.

Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi huo wa rufaa. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo walimu wengi walipopotoka. Magazeti yaliandika, na vijiweni ikasemwa, kwamba hijabu imepigwa marufuku shuleni. Sivyo. Mahakama ya Juu ilisema dai la Fugicha halikuwa limeingizwa kortini kwa njia iliyo sahihi, kwa sababu yeye aliingia kama mhusika tu katika kesi ya watu wengine, kisha akaleta dai lake mwenyewe ndani yake. Kosa lilikuwa la utaratibu, na swali lenyewe la hijabu likabaki bila jibu la mahakama hiyo. Hata hivyo majaji hawakuwa na kauli moja; Jaji Ojwang aliandika uamuzi wa kupinga. Mwalimu mkuu anayempokonya mwanafunzi mtandio langoni akitaja kesi ya 2019 anaitegemea kesi ambayo haikusema anachodai.

Katiba, kwa upande wake, haijanyamaza. Fungueni Kifungu cha 32. Watu wengi husoma sehemu ya kwanza tu, ile ya kila mtu kuwa na uhuru wa dhamiri, dini na imani, kisha wanafunga kitabu. Endeleeni. Sehemu ya pili inalinda kuidhihirisha dini kwa ibada na kwa matendo, na inataja waziwazi kuadhimisha siku ya ibada. Ya tatu inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Ya nne inakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Halafu Kifungu cha 27(4), katika orodha ya misingi ya ubaguzi, kinataja dini, imani na hata mavazi.

Uhuru huu una mipaka. Haumo katika orodha ya Kifungu cha 25 ya haki zisizoguswa kabisa, kama vile kutoteswa. Lakini Kifungu cha 24(3) kinamtwika anayetaka kuiwekea haki mpaka jukumu la kuthibitisha kwamba mpaka huo unafaa. Shuleni huwa tunaona kinyume: mwanafunzi wa miaka kumi na minne anasimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu aeleze kwa nini anastahili. Anayepaswa kueleza ni shule. Inalinda nini? Kanuni hii inakilinda vipi? Je, hakuna njia nyepesi zaidi? Jibu la "ndivyo tulivyozoea" halitoshi. Jibu la "kitambaa cha nailoni kinashika moto maabara" ni jibu la maana, lakini hata hilo linatatuliwa kwa pamba na kwa kuchomeka ncha ndani ya koti la maabara, bila kumfukuza mtu.

Kesi mbili nyingine zinasaidia kuona mwelekeo. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa iliwasikiliza Waadventista Wasabato waliolalamika kwamba watoto wao katika shule za umma wanalazimishwa masomo, mitihani na kazi za usafi kati ya machweo ya Ijumaa na machweo ya Jumamosi. Walikuwa wameshindwa Mahakama Kuu; kwenye rufaa wakashinda. Na Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Chacha Mwita, iliamua kesi ya msichana wa kidato cha kwanza Kibra aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake, ingawa alizifunika kwa kilemba. Mahakama ilikubali kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Kifungu cha 32, na kwamba nywele hizo ni sehemu ya imani hiyo.

Wako wanaouliza: tutajuaje kama ni dini kweli au ni mtindo? Swali zuri, na jibu lake linawashangaza wachungaji na mashehe pia. Shule haipimi kama fundisho ni sahihi. Inapima kama mwanafunzi ni mkweli. Anavaa hivyo nyumbani? Amekuwa akifanya hivyo kwa muda, au ameanza baada ya kunyimwa ruhusa ya kusuka? Barua ya imamu au mzee wa kanisa inasaidia, lakini isiwe sharti, kwa sababu ndani ya dini moja watu hutofautiana, na mwanafunzi asinyimwe haki kwa kuwa imamu wa mtaani kwao ana rai nyingine. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya Pillay, 2007, msichana wa Kihindu wa Durban alivaa kipini kidogo cha dhahabu puani. Kipini hicho hakikuwa faradhi ya dini yake, naye hakudai kuwa ni faradhi. Mahakama ya Katiba ilisema desturi ya hiari inayotoka moyoni nayo inalindwa. Na amri iliyotolewa mwishoni ndiyo ninayotaka muichukue: bodi ya shule irekebishe kanuni zake, ikishauriana na wazazi, wanafunzi na walimu, ili ziwe na utaratibu wa kuomba ruhusa ya kutofuata kanuni fulani na wa kuitoa.

Utaratibu ndio unaokosekana kwetu. Shule nyingi zina kurasa za kanuni za urefu wa soksi na upana wa marinda, lakini hakuna mstari mmoja unaosema mwenye sababu ya kiimani aende wapi. Kwa hiyo mambo huenda kwa mdomo. Mwalimu mkuu mmoja anaruhusu, anahamishwa, anayekuja anakataa, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyevaa mtandio miaka miwili anaambiwa amevunja kanuni. Au mwanasiasa anasimama kwenye sherehe ya shule, anaiomba shule hadharani itoe ruhusa, umati unapiga makofi, na bodi inabaki na ahadi ambayo haikuijadili.

Utaratibu wenyewe hauhitaji wakili. Karatasi moja inatosha: jina na kidato, desturi inayohusika, kanuni inayogongana nayo, na mwanafunzi anapendekeza nini. Aiweke saini yeye na mzazi. Jopo la watu watatu likae kulijadili ombi, naibu mwalimu mkuu akiwa mmoja wao na mzazi mmoja, na wasiwe wote wa dini moja. Wajipe siku kumi na nne. Jibu liwe la maandishi na liwe na sababu. Kifungu cha 47 kinampa kila aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Akikataliwa, aende kwa bodi nzima, kisha kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: ombi likisubiri, mtoto awe darasani. Shule ikishindwa kesi baada ya miaka mitatu, hakuna jaji awezaye kumrudishia kidato cha kwanza alichokosa.

Sasa wafadhili. Hapa naona nyuso zimebadilika. Makanisa yalijenga shule nyingi kabla serikali haijazigusa, na hisia ya "hii ni yetu" ina historia ya kweli. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, imeeleza kazi ya mfadhili. Anatoa ushauri kuhusu malezi ya kiroho, anaweza kumweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe, na anadumisha malezi hayo huku akilinda dini na madhehebu ya wengine. Maneno hayo ya mwisho yamo ndani ya sheria yenyewe, si nyongeza yangu. Kwenye bodi, sheria hiyo inampa mfadhili viti 3, wazazi 6. Kwa hiyo ibada ya Jumatano asubuhi ni halali. Kumwekea alama ya utovu wa nidhamu Mwislamu au Mhindu asiyehudhuria si halali. Apewe maktaba na mwalimu wa zamu, asipewe fagio. Nasema fagio kwa sababu ndiyo adhabu iliyozoeleka, nayo ni kulazimisha kwa mlango wa nyuma.

Mizani hii inapima pande zote mbili. Pwani na Kaskazini Mashariki, ikiwa shule ya umma imeweka mtandio kuwa sehemu ya sare, msichana Mkristo ana haki ileile ya 32(4) ya kutolazimishwa. Wanaoshangilia uamuzi wa 2016 wasiusahau upande huu. Shule ya binafsi ya kidini ina nafasi kubwa zaidi ya kulinda sura yake, ingawa Kifungu cha 27(5) kinakataza ubaguzi hata kwa mtu binafsi, kwa hiyo nayo iandike masharti yake wazi kabla mzazi hajalipa karo.

Jikoni ndiko kunakosahauliwa. Katika shule ya bweni, Ramadhani haihitaji bajeti mpya. Inahitaji saa mpya. Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa ya futari haitofautiani sana na ya chakula cha jioni cha kawaida. Tatizo ni daku. Mpishi asiamshwe saa kumi usiku kila siku. Chakula cha usiku kipakuliwe kwenye hotpoti na chai kwenye chupa, mwalimu mmoja au kiongozi wa wanafunzi awe na ufunguo wa bwalo, na mlango ufunguliwe kwa dakika arobaini. Nyama ichinjwe na Mwislamu ili wote waile, na maharagwe yasiungwe kwa mafuta ya nguruwe, ambayo Msabato naye hayali. Ijumaa, khutba na sala huchukua kama nusu saa. Chakula cha mchana kikiwekwa saa saba kamili hadi saa nane, hakuna kipindi kinachopotea.

Kuhusu vipindi vya dini nitapita haraka. Mtaala una somo la dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Shule ikikosa mwalimu wa dini ya Kiislamu, wanafunzi husukumwa kwenye la Kikristo "kwa ajili ya alama". Wapo wanaolichagua kwa hiari na hufanya vizuri. Asiyetaka apewe kitabu na muda, na bodi iandikie tume ya walimu kuomba mwalimu, nakala ikae kwenye faili.

Tanzania nako kuna funzo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Walisimama kimya kwa heshima. Mahakama haikuona dharau katika kusimama huko.

Nimeletewa swali la maandishi: Msabato asipofanya usafi na mtihani wa Jumamosi, wenzake hawaonewi? Wataonewa msipopanga. Zamu yake ya usafi ihamie Jumapili, eneo lilelile na muda uleule, isiongezwe wala isipunguzwe, na jina lake libandikwe kwenye orodha pamoja na ya wengine. Mtihani wa shule uhamishwe siku nyingine ikiwezekana. Ikishindikana, watahiniwa wa Kisabato wakae chumba kimoja na msimamizi tangu karatasi ya wenzao inapofunguliwa, bila simu na bila kuonana na waliokwisha kuifanya; wapewe chakula, wasali, na waanze jua likishazama. Hakikisheni chumba hicho kina taa, na kwamba jenereta ina mafuta.