Mwewe Hawajaisha, Umehesabu Mwezi Mbaya

Nimelisema hili hapa Malindi mpaka watu wananikwepa barabarani, na leo nalisema tena. Mtu anakwenda mdomo wa mto Sabaki mwezi wa saba, kusi inavuma, anazunguka asubuhi moja, anarudi kuposti eti ndege wawindaji wameisha. Wameisha wapi jamani? Wengi wako Ulaya na Asia wanalea watoto!

Chukua ndege mwindaji mmoja, kozi wa Amur. Kandege ka gramu 150 hivi, dume ni la kijivu, mapajani kama kavaa kaptula nyekundu. Anazaliana Siberia na kaskazini mwa Uchina, anapita India, halafu anaikata Bahari ya Hindi zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua, maana atatua wapi, majini? Anasukumwa na kaskazi, zile pepo zilizokuwa zikileta majahazi. Mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, anatukuta na vuli, mvua ikikata kidogo kumbikumbi wanatoka, basi hapo ndo utaona kundi zima juu, mmoja anamdaka kumbikumbi kwa kucha, anainamisha kichwa, anamtafuna hukohuko hewani, wala hatui. Mvua ikisogea naye huyoo, mpaka Afrika Kusini. Sasa wewe umekuja wiki ya pili yake hukumuona, ushatangaza msiba?

Najua kuna mama hapo anasema, wewe mtu wa ndege, na vifaranga vyangu je? Mama yangu, huyu wa kumbikumbi hana habari na kuku wako. Mwewe wa sokoni sawa, yule mwizi, simtetei, weka wavu juu ya banda. Lakini ile nyama ya sumu mnayomtegea haichagui, itaua tai mzoga, itaua na mbwa wa jirani, halafu ugomvi bure.

Makazi sasa, nakimbiza maana naona saa inaangaliwa. Kwenye hori la Mida Creek wakati wa kaskazi kuna tai mvuvi, akinasa samaki anamgeuza kichwa mbele ndo anaondoka naye. Kozi wakubwa wanafuata vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, matopeni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye udongo mwekundu, kuna yule bundi mdogo, kibundi wa Sokoke, na huyo hahami, yuko mwaka mzima, kwa hivyo akipungua huyo kweli kapungua, msije mkaniambia kasafiri. Ya Lamu nilitaka kuyasema, hayatoshi leo. Haya, ndugu pale nyuma, mkono uko juu tangu saa ile, uliza.