Jilinde Kabla Hujatangaza: Hatari Zinazomkabili Anayeongoza Mabadiliko

Ndugu wasikilizaji,

Anayepewa kazi ya kuongoza mabadiliko kwa kawaida hujiandaa kushinda hoja. Anakusanya takwimu, anachora chati, anajua mpango wake utaokoa muda na fedha kiasi gani. Kisha anaangushwa na jambo ambalo halikuwamo kwenye mjadala. Pigo hutoka kwa watu watakaopoteza kitu mpango ukifaulu, na asiyehesabu hasara za wenzake hawezi kujua litamjia upande gani.

Chukueni mfano wa daktari Ignaz Semmelweis katika hospitali kuu ya Vienna. Kwenye wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, akina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi. Aprili 1847 vifo vilifikia takriban 18 katika kila wazazi 100. Katikati ya Mei aliagiza kila atokaye kupasua maiti anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini, na kiangazi hicho vifo vikashuka hadi karibu 2 katika 100. Ushahidi gani tena ungehitajika? Hata hivyo mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa, na mwaka uliofuata akaondoka Vienna.

Ushahidi ule uliwaambia madaktari kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Hiyo ni hasara nzito: heshima ya taaluma na amani ya dhamiri kwa mkupuo mmoja. Naye hakuwaachia njia ya kuukubali ukweli bila kujihukumu. Alichelewa kuandika, kitabu chake kikamilifu kilitoka mwaka 1861, na baada yake akaandika barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji. Hapo hoja ikawa yeye.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya tangazo lolote, ni kuandika daftari la hasara. Kwa kila kundi andika linapoteza nini, litaanza kuhisi lini, linamsikiliza nani, na unaweza kulipunguzia nini. Usiishie kwenye mishahara na vyeo. Hasara inayosahaulika kuliko zote ni ujuzi: mtu aliyeheshimika miaka mingi kwa sababu ni yeye pekee aliyejua mfumo wa zamani, kesho anakuwa mwanafunzi mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Huyo hatakwambia anaogopa aibu. Atakwambia mfumo mpya si salama. Mpe nafasi ya kuujaribu mapema kuliko wote, faraghani, ili siku ya kuanza awe anafundisha. Daftari lenyewe liandike kwa makundi, bila majina, maana karatasi za ofisini husafiri.

Kazi ya pili ni mamlaka ya maandishi. Hadidu za rejea zako, yaani karatasi inayoeleza kazi uliyopewa na mipaka yake, ziseme unaamua nini peke yako, nini kinahitaji saini ya juu, bajeti ni kiasi gani, nani anaweza kusimamisha zoezi, na utarudi kwenye nafasi gani likiisha. Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza, na wengi hugundua baadaye kwamba kiti chao cha zamani kimeshakaliwa. Mkuu asipotaka kuandika, andika wewe: siku hiyohiyo mpelekee dokezo fupi lenye maneno "kama nilivyoelewa kikao chetu cha leo", na uombe akusahihishe ulipokosea. Hata akikaa kimya, kumbukumbu ipo.

Tena usitegemee mkuu mmoja. Wakuu huhamishwa na hustaafu, na aliyeunga mkono akiondoka mradi hubaki na jina lako peke yake. Tafuta wawili kutoka idara tofauti, mmoja awe wa fedha au sheria ikiwezekana.

Angalieni pia alivyofanya Frances Kelsey kwenye mamlaka ya dawa ya Marekani. Septemba 1960 alipokea ombi la kampuni moja la kuuza thalidomide, dawa ya usingizi. Kwa sheria ya wakati ule, siku 60 zikipita bila pingamizi, dawa ingeweza kuingia sokoni. Kila mara alirudisha ombi kwa maandishi akisema ushahidi wa usalama hautoshi, na muda ukaanza kuhesabiwa upya. Kampuni ilimshinikiza na kulalamika kwa wakubwa wake, nao wakasimama naye. Mwishoni mwa 1961 ikajulikana kwamba dawa hiyo ilikuwa ikilemaza watoto tumboni, na Machi 1962 ombi likaondolewa. Alitumia utaratibu uliokuwapo, hatua kwa hatua, akabaki ndani ya mamlaka yake. Ndiyo maana hawakupata pa kumshika.

Kupata pa kukushika, ndugu zangu, ndiyo mbinu ya kawaida. Anayetaka kukung'oa hahangaiki na mpango wako. Anafungua jalada lako la masurufu, yaani fedha ulizokabidhiwa kwa shughuli za kazi. Rejesha masurufu kwa wakati, na risiti zake. Saini mahudhurio. Tangaza maslahi kama kuna ndugu au rafiki kwenye zabuni. Usibebe nyaraka za siri nyumbani kwa nia ya kujilinda, kwani kosa hilo peke yake linatosha kukufukuzisha. Kinachokufaa ni shajara ya kazi: tarehe, waliokuwapo, kilichoamuliwa.

Shutuma ikikujia, omba iandikwe. Ijibu baada ya kulala usiku mmoja, kwa mambo na tarehe, na usiijibu kwenye kundi la simu hata ukichokozwa vipi. Majungu hupenda jibu la haraka.

Kuhusu kasi nitasema kidogo: anza na kitengo kimoja kwa wiki 6 hadi 8, kipimo kikubaliwe kabla, na matokeo ayatangaze mkuu wa kitengo hicho.

Upande wa maisha yako, weka akiba ya matumizi ya miezi 6 kabla mvutano haujaanza, na usichukue mkopo mkubwa unaokatwa kwenye mshahara katika kipindi hicho. Mwenye deni hilo huogopa kusema alichokiona. Mweleze mwenzi wako mapema. Nyumbani kusipojua, kila habari mbaya itafika kama ajali. Tafuta pia msiri aliye nje ya taasisi. Mshirika wa ofisini, hata awe mwema, ana watu wake wa kuwaridhisha, na siku moja atalazimika kuchagua. Usipomtwisha siri zako, humuweki katika mtihani huo. Na usingizi ukikukimbia kwa wiki 2 mfululizo, nenda kwa daktari. Usingoje mradi uishe.

Mwisho, andika masharti ya kuondoka wakati bado umetulia: kwa mfano, ukitakiwa kusaini takwimu usizoziamini, au mamlaka yako yakiondolewa huku lawama zikibaki kwako. Mwonyeshe msiri wako karatasi hiyo, akukumbushe siku utakapoanza kulegeza maneno yake. Pamoja nayo, andaa jalada la makabidhiano na ulisasishe kila mwezi: hatua iliyofikiwa, ahadi zilizotolewa kwa kila kundi, na jina la mtu wa pili anayeweza kuendelea na kazi kesho asubuhi.