Kuchora matawi ya sentensi: tafuta virai kwanza

Habari za saa hizi. Leo tunachora matawi, yaani mchoro unaoonyesha maneno ya sentensi yanavyoshikana. Chukua kalamu na karatasi, andika: "Kaka yangu mkubwa amenunua samaki wawili sokoni."

Usichore bado! Wengi huanza kutaja neno mojamoja, nomino, kivumishi, kitenzi, kama anayehesabu maembe. Maneno hushikana kwanza kuwa virai, yaani vikundi vya maneno vinavyofanya kazi moja, na virai ndivyo vinavyojenga sentensi.

Tafuta kitenzi: amenunua. Piga mstari wima kabla yake. Kushoto kuna kirai nomino, KN. Kuanzia kitenzi hadi mwisho ni kirai kitenzi, KT.

Huamini? Funika "kaka yangu mkubwa" kwa kidole, weka "yeye". Yeye amenunua samaki wawili sokoni. Imesimama. Sasa funika "mkubwa amenunua". Hakuna neno moja la kusimama badala ya yote mawili na maana ikabaki ileile, kwa hiyo hicho si kirai, hata kama maneno yamekaa jirani.

Haya, chora. S, yaani sentensi, juu, matawi mawili chini yake: KN na KT. KN itoe N, nomino, na V mbili, vivumishi. KT itoe T, kitenzi, kisha KN nyingine ya "samaki wawili", kisha E, kielezi, ya "sokoni".

Angalia KN ya kwanza kwa karibu. Kimilikishi "yangu" kimeganda kwenye nomino, sifa "mkubwa" inafuata. Sema "kaka mkubwa yangu" uone sikio linavyokataa. Halafu kuna hili linalonifurahisha kila mara: "yangu" imefuata ngeli ya I-ZI, "mkubwa" imefuata A-WA, na zote zinamhusu kaka huyohuyo. Majina ya undugu yana mambo yake.

Sasa kazi yenyewe: "Nimemwona mtoto wa mwalimu aliyeanguka." Nani kaanguka? Chora mara mbili. Kwanza ning'iniza "aliyeanguka" kwenye kirai kizima, "mtoto wa mwalimu": kaanguka mtoto. Kisha ishushe chini ya "mwalimu" peke yake: kaanguka mwalimu. Maneno ni yaleyale, mpangilio uleule, ila matawi mawili tofauti.

Badilisha mtoto awe kikapu. "Kikapu cha mwalimu kilichoanguka", "kikapu cha mwalimu aliyeanguka". Utata umekwisha, kwa sababu ngeli inakuonyesha tawi la kushika.

Simamisha video hapa, uchore hizo mbili kabla hatujaingia kwenye vishazi.