Alama za Mwaka wa Pili

Shikamooni wazazi mliofika na watoto wenu. Vijana, hamjambo.

Hapa Moshi vijana huniuliza swali moja pembeni, kwa sauti ya chini: nina C na sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwenye transkripti, je, naweza kuomba shule ya sheria Marekani? Leo nalijibu mbele ya watu, kwa sababu sioni aibu ndani yake.

Kwetu mtoto hutoka kidato cha sita akaingia LLB, shahada ya sheria, moja kwa moja. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka 3, hivyo alama zako zote za chuo zitasomwa, hata kama ulisoma uhasibu au ushirika. Transkripti ya nje hupitia LSAC, chombo kinachopokea maombi ya shule za sheria kule, nacho hueleza kiwango chake bila kukupa GPA, yaani wastani wa alama, ya Kimarekani. Basi usijikokotolee. Kwetu 3.4 ni kati ya 5.0, kwao kipimo ni 4.0, na ukizichanganya utaonekana unadanganya. Upo pia LSAT, mtihani wa kuombea shule ya sheria, alama 120 hadi 180. Ukiufanya vizuri, utakusemea.

Sasa karatasi ya maelezo ya alama, ile unayoeleza kwa nini alama zako zilishuka. Hii hukaa peke yake, mbali na ile insha ya kujieleza wewe ni nani.

Nilipokuwa mwaka wa pili mama yangu alivunjika mguu. Ana meza ya mitumba pale soko la Memorial, na mimi ndiye kifungua mimba. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nafungua mabelo, saa mbili nipo darasani nasinzia. Nilipoandika maelezo yangu yalifika kurasa mbili: machozi, umaskini, na mhadhiri niliyeamini alinionea. Mama mmoja wakili aliyasoma kimya, akachukua kalamu, akafuta karibu yote. Yakabaki haya:

“Semesta ya pili ya mwaka wa pili nilipata C tatu na sapu moja. Kuanzia Machi hadi Juni mama alikuwa amevunjika mguu, nami niliendesha biashara yake. Julai alirudi kazini. Sapu niliifaulu, na mwaka wa tatu sikupata alama iliyo chini ya B. Barua ya hospitali nimeiambatanisha.”

Nililia siku ile, nikidhani amenifutia maisha yangu. Soma tena uone: miezi ina mwanzo na mwisho, na baada ya mwisho alama zinapanda. Msomaji anapata anachokitafuta, yaani kama tatizo lile litamfuata mwanafunzi hadi darasani kwake. Yule mhadhiri hayumo kabisa, na hilo ndilo nililomshukuru zaidi yule mama.

Una C moja tu? Usiandike chochote, utakuwa unamwonyesha kovu ambalo hakuliona.

Na kama ulikuwa unacheza tu? Wanangu, nawasihi msitunge ugonjwa. Kule anayeomba uwakili huchunguzwa tabia, na fomu yake ya kuingilia shule inaweza kufukuliwa miaka mingi baadaye. Andika kwamba hukujituma, taja semesta, kisha onyesha ulichofanya tangu hapo.

Mlio na transkripti mkononi, zileteni hapa mezani tuzisome pamoja. Tuanze na dada yule wa nyuma, amenyoosha mkono muda mrefu.