Chavua ya hevea hufika wapi?

Wababa na wamama, nanyi vijana wa agronomia, hapa Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hevea, yaani mti wa mpira, haipendi baridi hii. Lakini kuna watakaoajiriwa katika majimbo ya Tshopo au Mongala, na huko mtaulizwa: mbegu za kitalu tuziokote wapi? Jibu linategemea chavua iliyozaa mbegu hizo imetoka mti gani.

Ua la hevea ni dogo, la manjano, halina petali. Katika kichala kimoja madume ni mengi mno. Majike ni machache, nayo hukaa kwenye ncha za vitawi. Chavua inanata, upepo hauiwezi. Wabebaji wake ni visubi na thripi, wadudu wa milimita chache, na kwao mti wa jirani, mita 3 tu katika safu, ni safari ya kutosha. Shamba likiwa la kloni moja, yaani miti yote imetokana na mti mmoja kwa kuunganishwa, jirani huyo ni mti uleule kwa damu, kwa hiyo miche mingi hutoka dhaifu.

Mkitaka kupima umbali, tumieni GT 1, kloni ya kutoka Java. Chavua yake ni tasa. Kila tunda lake lina baba wa nje. Tafuteni kipande cha GT 1 kinachopakana na kloni nyingine, mhesabu matunda safu kwa safu kutoka mpakani kwenda ndani. Hesabuni yakiwa bado mtini. Tunda likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mita 15 au zaidi, basi anayehesabu za chini anapima mrusho, hapimi chavua. Angalieni pia ukungu wa unga mweupe: unaangusha maua, na safu iliyougua itaonekana kana kwamba chavua haikufika. Tena majike yanayozaa hayafiki 5 kwa 100, kwa hiyo miti miwili kwa safu haitoshi kamwe.

Bustani ya mbegu hutengwa kwa mita 100 bila hevea nyingine. Hiyo inapunguza chavua ya nje, haiizuii kabisa, maana kisubi naye hupeperushwa.

Anayetaka baba wa hakika achavushe kwa mkono: jike lililo karibu kufunguka, nguzo ya chavua ya dume juu yake kwa kibanio, kisha kizibo cha pamba iliyochovywa utomvu. Baada ya miezi mitano hivi, tunda lifungwe wavu kabla halijapasuka, na mbegu zipandwe upesi. Zikikauka zimekufa.