Oksijeni ya Galaksi za Mwanzo: Inapimwaje?

Mabibi na mabwana, ulimwengu ulipoanza ulikuwa na hidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo mno; oksijeni, kaboni na chuma vilipikwa baadaye ndani ya nyota. Kwa hiyo anayetaka kujua nyota za galaksi zimeshafanya kazi kiasi gani hana budi kupima oksijeni yake, na kwa kuwa huko hakuchoteki sampuli, tegemeo letu ni mwanga uliotandazwa kwa rangi zake, yaani spektra.

Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mstari mkali katika spektra, yaani mwanga wa rangi moja mahususi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500.7 na mwingine hafifu sana wa nanomita 436.3. Wengi hudhani kwamba mstari ukiwa mkali basi oksijeni ni nyingi, na hapo ndipo hesabu huharibika, kwani ukali huo hutegemea pia halijoto. Gesi yenye oksijeni haba hupoa kwa shida, ikabaki na joto kali, na hiyo oksijeni kidogo ikang'aa kupita kiasi chake. Mstari hafifu ndio unaotuokoa: hutokea pale tu atomi inapogongwa na elektroni zenye nguvu zaidi, hivyo uwiano wake na ule mkali ni kipimajoto. Halijoto ikishajulikana, mwanga wa oksijeni hulinganishwa na wa hidrojeni, na kiasi halisi hupatikana.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ndiyo iliyotuwezesha kuupata mstari huo hafifu kwa galaksi za mbali kabisa. Spektrografu yake ina vilango takriban 250,000 vinavyofunguliwa mbele ya galaksi zinazotakiwa na kufungwa kwingineko. Mwaka 2022, nyuma ya kundi la galaksi la SMACS 0723, ilipima galaksi ambayo mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 13.1, mstari wa nanomita 436.3 ulifika ukiwa umenyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu hadi mikromita 4.14 hivi, na oksijeni ikaonekana kuwa asilimia chache tu ya ile ya Jua. Kazi yenyewe ni ya kuchosha, maana mstari wa hidrojeni wa nanomita 434.0 uko jirani kabisa, na spektra isiyochambua vya kutosha huichanganya miwili hiyo.

Mwaka 2025 mitambo ya ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio katika jangwa la Atacama nchini Chile, iligundua oksijeni katika JADES-GS-z14-0, galaksi tunayoiona ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa takriban miaka milioni 300. Ilikadiriwa kuwa elementi nzito humo, yaani zile zilizo nzito kuliko heliamu, ni mara 10 ya zilizotarajiwa. Mimi makadirio hayo nayapokea kwa tahadhari: mstari uliotumika, wa mikromita 88, hausumbuliwi sana na halijoto, lakini hufifia gesi inaposongamana, na kipimo cha msongamano huo kinahitaji mstari mwingine.