Sherifu Aliyeazima Sauti ya Dereva: Mazungumzo Kuhusu Filamu ya "Convoy"

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Juzi jioni nilikaa na mjomba, yule yule dereva wa malori mnayemfahamu, tukatazama "Convoy", filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Sam Peckinpah, inayowahusu madereva wa malori ya masafa marefu wa Marekani wanaowaasi askari wa barabarani. Hatukufika mbali kabla mjomba hajaisimamisha. Nilidhani anataka kueleza jambo la gia au breki, kama ilivyo kawaida yake, kumbe lililomkera ni redio. Ni pale sherifu anaposhika kipaza sauti, akajifanya dereva mwenzao na kuwaambia kuwa mbele njia ni nyeupe, ili wakanyage mafuta na yeye awanase. Mjomba akasema: "Kunitoza faini ni kazi yake, na hata rushwa tumeizoea, lakini anayeazima sauti ya mwenzangu ili anitie mtegoni, huyo amevunja nyumba."

BARAKA: Na kuhusu jina langu la redioni, lile la utani ambalo madereva hujitambulisha kwalo, hakusema lolote?

ZUHURA: Hakusema. Wasikilizaji wanajua kuwa mjomba hampi mtu jina kabla ya kumtazama akiendesha gari, na wewe bado hujakubali kukaa kwenye usukani yeye akiwa pembeni.

BARAKA: Basi tuendelee, nami nitaendelea kusubiri. Leo tumepanga kuzungumzia mafunzo matatu ya filamu hii: namna ya kupiga picha za magari mazito, namna ya kuandika adui anayeaminika, na namna ya kumaliza hadithi ya uasi. Kwa ambaye hajaitazama, Kris Kristofferson ndiye dereva anayeitwa Rubber Duck, Ernest Borgnine ndiye sherifu Lyle Wallace, na Ali MacGraw ndiye Melissa, mpiga picha anayejikuta ndani ya lori la Rubber Duck. Ugomvi unazuka katika mkahawa wa kando ya barabara huko Arizona, madereva wanawashinda askari kwa ngumi, kisha wanaondoka mbio kuvuka mpaka wa jimbo kuingia New Mexico, na njiani malori mengine yanajiunga nao hadi msafara unakuwa mrefu kuliko jicho linavyoweza kufuata.

ZUHURA: Kabla hatujafika kwenye hayo mafunzo, naomba tubaki kidogo kwenye redio, kwa sababu naamini mjomba ameona kitu ambacho wengi wetu tunakipita. Redio ile ni ya masafa ya raia, inayofanya kazi karibu na megahezi 27, na nguvu yake kisheria haizidi wati 4, kwa hiyo sauti inafika kilomita chache tu. Haina faragha yoyote. Akizungumza mmoja, wote walio katika chaneli hiyo na walio karibu wanamsikia, na wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja wanavurugana. Hakuna namba ya simu, hakuna sura, na hakuna njia ya kuhakikisha anayesema ni nani. Kilichopo ni jina la utani alilojipa mtu, pamoja na imani ya wenzake kwamba anachowaambia ni kweli.

BARAKA: Hilo la majina ndilo lililoifanya redio ile ipendwe hata na watu wasiowahi kupanda lori. Katikati ya miaka ya 1970 ilienea mno, hadi Betty Ford, mke wa Rais, akawa na jina lake, "First Mama". Kisheria mtumiaji alitakiwa kuwa na leseni, lakini watumiaji waliongezeka kiasi kwamba usimamizi ulielemewa. Chaneli zilikuwa 23, na mwaka 1977 zikaongezwa kufikia 40. Mke wa Rais ana jina, na mimi sina.

ZUHURA: Uvumilivu, kaka. Na kumbuka kuwa filamu yenyewe ilizaliwa kutokana na wimbo wa C. W. McCall uliotoka mwaka 1975 na kushika namba moja Marekani mwezi wa Januari mwaka 1976, nao umejaa mazungumzo ya redio ya madereva. Madereva wenyewe walizoea chaneli ya 19, na chaneli ya 9 ilitengwa kwa ajili ya dharura. Sasa fikiria dereva aliye peke yake usiku, mzigo mzito nyuma, na mbele yake kona ambayo haioni. Sauti ya dereva aliyetoka huko anakokwenda ndiyo macho yake. Ikimwambia kuna ajali, atapunguza mwendo mapema, kwa kuwa lori lenye tela lililojaa halisimami kama gari dogo; na ikimwambia njia ni nyeupe, ataamini. Kwa hiyo sherifu anapoingia pale kwa jina la kujibandika, anaharibu kile kinachowafanya madereva wafike salama. Kwangu mimi uasi wa filamu hii unaanza hapo, kabla ngumi ya kwanza haijarushwa mkahawani.

BARAKA: Nakuheshimu wewe, na mjomba namheshimu zaidi, lakini hapo sikubaliani nanyi. Redio ile ilikuwa wazi kwa kila mtu, na askari wengi wa barabarani waliifunga katika magari yao kihalali. Askari kusikiliza si uhalifu. Uhalifu wa Lyle ni kwamba akishawanasa anadai pesa mkononi, kisha anamwandama Spider Mike, dereva mweusi ambaye mkewe yuko karibu kujifungua, na kutaka kumkamata kwa kosa la uzururaji, ilhali mtu huyo yuko kazini. Tusiifanye redio kuwa kiini na kuyasahau matumbo ya watu.

ZUHURA: Mimi sikuzungumzia kusikiliza. Nimezungumzia kusema uongo kwa sauti ya mwenzao.

BARAKA: Nimekuelewa. Lakini jiulize kwa nini madereva waliihitaji redio hiyo kwa bidii namna ile. Mwezi wa Oktoba mwaka 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliinyima Marekani mafuta, dizeli ikaadimika na bei ikapanda. Mwanzoni mwa Januari mwaka 1974 Rais Nixon akatia saini sheria ya kuokoa nishati iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, yaani takriban kilomita 88. Hebu tupige hesabu. Kanuni za wakati ule zilimruhusu dereva kuendesha saa 10 baada ya kupumzika saa 8. Katika barabara iliyomruhusu kwenda maili 70, kwa saa hizo 10 angefika maili 700. Kwa kikomo kipya anafika 550. Anayelipwa kwa maili amepoteza maili 150 kwa siku moja, na marejesho ya mkopo wa lori hayapungui hata senti. Ndiyo maana watu walitaka kujua askari amejificha wapi.

ZUHURA: Hesabu hiyo ni sahihi, na inasaidia hoja yangu. Kama riziki ya mtu inategemea taarifa ya mwenzake, basi anayeichafua taarifa hiyo amemwibia riziki.

BARAKA: Hapana, inasaidia yangu. Mwezi wa Desemba mwaka 1973 madereva halisi walifunga barabara kuu kwa malori yao, zikiwemo za Pennsylvania na Ohio, na mwanzoni mwa mwaka 1974 wakagoma. Waliita kwa redio, ndiyo, lakini walikuwa na madai: bei ya mafuta, upatikanaji wake na kikomo cha mwendo. Filamu ya Peckinpah imechukua malori yao, lugha yao na hasira yao, kisha ikayaacha madai yao kando. Gavana wa New Mexico anamwita Rubber Duck na kumuuliza wanataka nini. Hilo ndilo swali ambalo mgomaji yeyote angelisubiri kwa hamu. Rubber Duck hana jibu! Anasema yeye hawaongozi wale watu, ila ametokea tu kuwa mbele yao, na kwamba shabaha ya msafara ni kuendelea kwenda. Mimi naliita hilo kukwepa. Umebeba watu nyuma yako, wengine wameacha mizigo na kazi, halafu unasema hujui wamefuata nini?

ZUHURA: Unamdai Rubber Duck kitu ambacho hakuwahi kuahidi. Kumbuka pale gari la waandishi wa habari linapotembea sambamba na malori, kila dereva akiulizwa kupitia dirishani kwa nini amejiunga, na kila mmoja akajibu lake. Mmoja analalamikia kikomo cha mwendo, mwingine jambo jingine kabisa. Peckinpah hakuwapa sauti moja kwa sababu hawakuwa nayo. Kama Rubber Duck angetoka kwa gavana na karatasi ya madai matano, angekuwa amefanya kile kile alichofanya sherifu, yaani kusema kwa sauti za watu bila idhini yao. Kwangu kule kukataa ni uaminifu mkubwa kuliko hotuba yoyote.

BARAKA: Unalinganisha kiongozi anayewasemea watu na tapeli anayewaigiza?

ZUHURA: Nalinganisha kitendo. Gavana mwenyewe anajiandaa kugombea useneta, na anautaka msafara uwe mapambo ya kampeni yake. Rubber Duck analiona hilo. Angeweka madai mezani, yangekuwa ya gavana kabla jua halijazama.

BARAKA: Na kwa kutoyaweka, nani alifaidika? Spider Mike ameondoka msafarani ili awahi kwa mkewe, amekamatwa Texas, amepigwa vibaya akiwa mahabusu, na gavana hana msaada wowote juu yake kwa sababu hilo si jimbo lake. Wenzake wanafanya nini? Wanaingia mjini na malori, wanabomoa majengo na jela yenyewe, wanamtoa. Nakiri kuwa ni sehemu inayonisisimua kila ninapoitazama. Ukuta unapobomolewa na kichwa cha lori, unaona vumbi, mbao na matofali vikimwagika juu ya boneti, wala hakuna ujanja wa kompyuta, kwa kuwa magari ni ya kweli na waendeshaji ni wa kweli. Lakini asubuhi yake kikomo kiko pale pale, bei ya dizeli iko pale pale. Katika ulimwengu wa kweli kikomo kile kililegezwa mwaka 1987 kwa barabara kuu za mashambani, na kikaondolewa kabisa mwaka 1995, kwa njia ya Bunge.

ZUHURA: Spider Mike je, angesubiri Bunge?

BARAKA: Sijasema asubiri Bunge. Nimesema waliomkomboa wangeweza pia kudai jambo lililowakusanya.

ZUHURA: Nami nasema lililowakusanya ni yeye, na kabla yake ni ile sauti ya uongo redioni. Mtu mmoja alionewa, wenzake wakasikia, wakageuza malori. Hilo haliandikwi kwenye karatasi ya madai.

BARAKA: Hapo tumekwama, maana mimi naona huruma isiyo na madai humwacha mnyonge mahali alipokuwa.

ZUHURA: Nami naona madai yasiyo na huruma hutengeneza gavana mwingine.

BARAKA: Basi tuliache hapo, kwa sababu hakuna anayesogea. Naomba walau tuseme neno moja kuhusu upigaji picha, maana lilikuwa la kwanza katika orodha yetu. Peckinpah alijulikana kwa kupunguza kasi ya picha wakati wa mapigano, na humu amefanya hivyo kwa malori. Yanapopita katika barabara ya vumbi jeupe yakitoroka polisi, matela yanayumba polepole, vumbi linainuka kama pazia, na chuma kizito kinaonekana chepesi. Na lile lori la Widow Woman, anayeigizwa na Madge Sinclair, linapolalia ubavu kwenye kona, hatupewi mlipuko, tunapewa uzito wa gari linalokataa kusimama wima.

ZUHURA: Mjomba aliisimamisha filamu pale pia. Alisema mwendo wa kona huamuliwa kabla ya kuingia konani, na ukishaingia umechelewa.

BARAKA: Ninaweza kumwendesha mjomba kwenye kona yoyote, ili mradi anipe jina.

ZUHURA: Nitamfikishia. Fundi wa mitambo ananionyesha saa, na kuhusu adui anayeaminika tumeligusa tu kwa kupitia redio.

BARAKA: Na mwisho wa hadithi hatujaugusa kabisa. Lori la Rubber Duck, lenye shehena ya kemikali, linapigwa risasi darajani, karibu na mpaka wa Mexico, kisha linatumbukia mtoni. Wanasiasa wanafanya mazishi ya heshima, na mtu wanayemzika yuko hai, amekaa ndani ya basi akitazama. Sherifu anamtambua, naye anacheka. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kicheko kile.

ZUHURA: Nami nilikuwa nayo, na ninahisi yangetutenganisha zaidi, maana wewe utasema gavana ameshinda kwa kuwa jukwaa ni lake.

BARAKA: Nitasema hivyo hivyo. Hakuna aliyezungumza kuhusu bei ya dizeli kwenye mazishi yale.

ZUHURA: Na mimi nitasema ameshindwa, kwa sababu jeneza ni tupu na malori yanaondoka bila ruhusa yake. Wasikilizaji, tutumieni maoni yenu kwa sauti, hasa ninyi mnaoendesha malori, mtuambie kama mngemtaka Rubber Duck akubali kuweka madai mbele ya gavana. Wiki ijayo hatutarudi kwenye filamu hii.

BARAKA: Mimi nitarudi.